Sketi ya Jumatano

Jumatano, Machi 5

Mvua ya kwanza. Paa la chumba cha kushonea linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya mashine yangu, kana kwamba linanijua.

Nimeamua kuandika nyuma ya daftari la vipimo, maana nimechoka kiasi kwamba nisipoandika siku zinapita kama zimefutwa na kitambaa. Binti yangu ana miaka minne, mdogo wake ana miezi saba na tumbo la mtu mzima, ndiyo maana tunamwita Kitumbo. Baba yao ni dereva wa lori, yuko barabarani. Nyumbani nipo na mama yake, yaani mama mkwe wangu. Kila siku saa sita ananiletea Kitumbo hapa kazini anyonye, ananikabidhi bila neno, anamchukua bila neno.

Leo nesi wa kituo cha afya alikuja kupimwa sare. Nikiwa nimemzungushia tepu kiunoni akaniuliza kama ni mimi ninayeweka picha za nguo kwenye kundi la wateja la Wasapu. Ni mimi. Bosi aliniachia kazi hiyo, na humo tuko wanawake mia mbili na kumi na wanne. Akashusha pumzi. Akasema kila Jumatano ana kitanda, taa na vifaa vya kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi, bure, na wiki iliyopita walikuja watatu. Hali ikibaki hivyo mpaka mvua ziishe, vifaa vitahamishiwa kwingine, na yeye pamoja navyo. Akaniomba niweke tangazo.

Nimeweka. Mmoja amejibu kwa dole gumba. Mwingine ameuliza gauni lake litakuwa tayari lini.

Alhamisi, Machi 6

Jino la Kitumbo. Hakuna aliyelala.

Jumamosi, Machi 8

Siku ya kufua. Mama mkwe hakuleta nguo zake. Siku zote huliweka rundo mlangoni mwangu na kuondoka kama mtu aliyelipa kodi. Leo amefua mwenyewe, tena kabla sijaamka, na kuanika ndani ya chumba chake, mlango ukiwa umefungwa. Nilimuuliza kama sabuni yangu ina shida. Akasema sabuni ni sabuni.

Basi nimemkera kwa jambo. Silijui, na sina nguvu ya kulitafuta.

Jumatano, Machi 12

Wanne. Nesi anasema mmoja wao alikimbia kabla ya zamu yake.

Jumatano, Machi 19

Nimekwenda mwenyewe. Siwezi kuwaita watu mahali ambapo mimi sijakanyaga.

Kuna benchi, pazia, na nyuma ya pazia kitanda. Nilikuwa nimevaa gauni la kipande kimoja, limebana nyongani, nililolishona kwa mikono yangu na kujisifia. Ili nesi afanye kazi yake ilibidi nilipandishe mpaka kwapani. Nikalala pale kama kuku aliyenyonyolewa, Kitumbo kifuani, naangalia balbu. Nesi ana mkono mwepesi. Anaingiza kifaa, anapaka dawa inayonuka kama siki, anasubiri kidogo, anaangalia kama pamekuwa peupe. Kwangu hapakuwa peupe. Akasema nirudi baada ya miaka mitatu. Nimewahi kubadilisha zipu zilizochukua muda mrefu kuliko ule.

Kuumia sikuumia. Kilichonitesa ni gauni.

Nikitoka nikamwona mwanamke benchini, amevaa gauni kama langu. Aliliangalia pazia, akajiangalia mwenyewe, akainuka, akaondoka zake. Nesi alidhani ameogopa ugonjwa. Mimi ni fundi, nilijua alichokihesabu: ni hatua ngapi kutoka kuvaa mpaka kubaki uchi mbele ya mtu.

Alhamisi, Machi 20

Nimekata sketi kwa mabaki ya kitambaa cha pazia. Pana, lastiki kiunoni, mpasuo mbele uliofichwa na mkunjo mkubwa. Unaivaa juu ya nguo yako, unapandisha ya ndani chini yake, unalala, na hakuna kinachoonekana isipokuwa kwa yule anayehitaji kuona.

Bosi wetu tunamwita Sindano, kwa wembamba na kwa maneno. Akasimama nyuma yangu akauliza sketi ni ya nani. Nikasema ya kila mtu. Akasema kila mtu ana kiuno gani.

Jumamosi, Machi 22

Sketi tatu ziko kwa nesi. Nimeweka picha kwenye kundi na ujumbe wa sauti. Nimesema: "Mama zangu, dada zangu, sketi hii haiuzwi. Iko kituo cha afya nyuma ya pazia, inakungoja wewe. Hutavuliwa nguo, utavalishwa. Mimi nimelala pale Jumatano na mtoto kifuani, na saa hiyo hiyo nilirudi kushona."

Vicheko kumi na saba. Mmoja ameuliza siku hizi fundi anashona mpaka huko. Wawili wamejitoa kwenye kundi. Na mmoja kaniandikia pembeni, mimi peke yangu, kuuliza kama mtu mnene itamwenea. Nikamjibu itamwenea hata tembo mjamzito.

Jumapili, Machi 23

Jirani wa mlango wa bluu amempigia mama ile sauti yangu uani, mbele za watu. Mama aliingia jikoni, akasimama mpaka nikamwangalia.

"Mama Kitumbo, mwanangu anahangaika barabarani, na mke wake anawatangazia watu alivyolala chali."

Akasema ameshajitoa kwenye hilo kundi letu. Akasema kwao mambo ya chini ya kiuno yalikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na komeo. Nikamwambia, nimekusikia mama, nikaendelea kumenya vitunguu. Sikuomba radhi maana sikuona kosa. Lakini kile kisu nilikishika vibaya, na kidole nilikikata.

Jumatano, Machi 26

Tisa.

Sindano ameniita. Wateja wawili si mchezo, amesema, na kundi ni la nguo. Nikamjibu sketi ni nguo. Alikuwa na pini nne mdomoni. Kisha akazitoa moja moja na kuniuliza, taratibu, kama kweli kile kifaa hakiumi.

Jumamosi, Machi 29

Wanawake wananinong'oneza maswali ninapowapima. Nikiwa nimemkumbatia mtu na tepu, sikio langu liko karibu na mdomo wake, basi anamwaga. Siwezi kuyabeba yote kichwani. Nimeweka kopo tupu la vifungo kwenye kile kipembe cha kujaribia nguo, penseli na vipande vya karatasi kando yake. Andika, tumbukiza, usiweke jina. Jumanne nesi atapita tuyajibu kwa sauti kwenye kundi.

Mama bado hafui na mimi.

Jumanne, Aprili 1

Maswali kumi na mawili. Je, mume wangu atajua? Je, walio kwenye siku zao waende? Je, kile kifaa kinaweza kubaki ndani? Hilo la mwisho nesi alilijibu kwa utulivu kabisa: kikibaki ndani, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukitafuta, maana amekitia saini. Nilicheka mpaka Kitumbo akaacha ziwa kuniangalia.

Jumatano, Aprili 2

Kumi na watano, na mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walikuja na mifuko ya plastiki kichwani.

Simu ina mahali inapokuonyesha nani amesikiliza sauti yako. Nimeangalia. Wa kwanza kabisa, dakika moja baada ya kutuma, ni mama mkwe wangu. Aliyesema amejitoa.

Nilimwekea chai.

Jumatatu, Aprili 7

Mafua nyumba nzima.

Jumanne, Aprili 8

Nesi akiwa amekaa, nilimwaga kopo mezani na kusoma. Karatasi ya sita ilikuwa imeandikwa herufi kubwa: MTU ALIYEKOMA HEDHI MIAKA MINANE AKIONA DAMU TENA NI UZEE AU NI NINI.

Nikaigeuza, sijui kwa nini. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya kuku wa rangi ya chungwa, miguu mitano. Huyo kuku namjua. Binti yangu alimchora Jumapili, akalia jana alipokuta karatasi imechanwa.

Nguo zilizofuliwa kabla sijaamka, mlango uliofungwa. Mwezi mzima nimekaa nikidhani ni chuki. Mimi ninayewaambia wanawake mia mbili wasijifiche, nimelala chumba cha pili na mtu anayevuja damu, na nilichoona ni kwamba amenikasirikia.

Nesi aliniona nimebadilika. Sikumtajia mtu. Nilimuuliza tu jibu ni lipi. Akasema huyo asikae. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani, na tofauti ya kupona na kutopona mara nyingi ni siku aliyokuja.

Ningeweza kwenda nyumbani nikamwambia. Lakini mkwe na mama mkwe hawazungumzi hayo. Kuna heshima iliyokaa katikati yetu kama meza. Nikaona nimjibu kwa mlango alioutumia yeye. Nilishika simu, nikasema: "Mama uliyeuliza kuhusu damu baada ya miaka minane. Si uzee. Si aibu pia. Nesi anasema uje, usingoje. Hatukujui, na hatuna haja ya kukujua. Sisi tunakutaka uishi."

Sauti iliyumba pale mwisho. Niliituma hivyo hivyo.

Jioni nikiwa namwogesha Kitumbo, niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka ng'ambo ya ukuta, chini chini. Ilikwisha. Ikaanza tena. Mara tatu.

Jumatano, Aprili 9

Ishirini na wawili. Mama hakuwepo.

Jumamosi, Aprili 12

Amefua. Amefunga mlango.

Jumatano, Aprili 16

Ishirini na sita. Nesi ameomba sketi nyingine. Sindano mwenyewe alikata mbili na kusema asisikie mtu akimshukuru. Baadaye, nilipozipeleka kituoni, nesi akanionyesha kwa jicho: Sindano alikuwa benchini, wa nne, ameshika mkoba kama mtu anayengoja basi.

Mama hakuja. Naanza kumwogopa huyo mama na kumwonea huruma kwa wakati mmoja. Ana mjukuu mgongoni, anapita mbele ya kituo kila siku saa sita kuja kwangu, anapita tena kurudi.

Jumatatu, Aprili 21

Anatembea polepole. Anasema ni tope.

Jumanne, Aprili 22

Saa sita Kitumbo hakuletwa. Saa sita na nusu maziwa yalianza kulowesha blauzi. Nikaacha gauni la watu chini ya sindano, nikakimbia kwenye mvua bila mwavuli.

Kitumbo alikuwa salama, amelala kitandani kwa bibi yake. Mama alikuwa amekaa pembeni, nguo ya kujifunga imekunjwa mara nyingi chini yake, uso umekuwa kama majivu. Akasema nisiingie na miguu yenye maji.

Niliingia. Nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Mama, ile karatasi ya kuku ni yako."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata nikadhani hakusikia. Kisha akasema alijua nitajua, kuku yule ana miguu mingi mno. Damu ilianza mwezi wa kumi na moja. Kidogo, ikakoma, ikarudi. Nikamuuliza kwa nini hakwenda, hata baada ya ile sauti.

"Nina miaka kumi na mmoja ya ujane," akasema. "Ugonjwa huo watu wanajua unatoka wapi. Wataniuliza mimi nimeutoa wapi. Mwanangu ataniuliza."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kifo hakikuwa kinamtisha. Alichokiogopa ni jina baya, yeye aliyekaa miaka yote ile na mlango wake umefungwa. Nikamwambia alichonifundisha nesi: kirusi kinacholeta ugonjwa huo, karibu kila aliyewahi kulala na mume wake amekutana nacho, kinaweza kukaa kimya miaka ishirini, hakimuulizi mtu tabia. Inawezekana alikipata akiwa bibi harusi.

Akatikisa kichwa, ila hakubishana. Basi nikawa mkali kidogo, Mungu anisamehe.

"Siku namzaa Kitumbo nilibana miguu mbele ya mkunga. Nani aliniambia mficha uchi hazai?"

"Mimi."

"Na ulinipiga paja."

"Kidogo tu," akasema. Akacheka, kicheko chembamba, halafu machozi yakafuata njia ile ile.

Nilimpigia nesi. Alisema twende sasa hivi kama damu ni nyingi, na kama imepungua tusipitishe kesho. Ilikuwa imepungua. Nikataka twende hivyo hivyo, mama akakataa. Kesho ni Jumatano, akasema. Akienda leo, mwanamke mzima peke yake kwenye benchi tupu, watamtazama. Jumatano wanakwenda wote.

Nimelifikiria hilo tangu mchana. Nilidhani nimeshona sketi tu. Kumbe wale ishirini na sita wamekuwa pazia la mama yangu.

Jumatano, Aprili 23

Thelathini na wanne. Wa kumi na tisa alikuwa mama.

Alivaa sketi mwenyewe, akaikagua pindo kwanza, akasema nyuzi zangu zimelegea. Alinitaka nikae nje ya pazia lakini mkono nipitishe ndani. Aliushika mkono huo mpaka vidole vikafa ganzi.

Nesi hakupaka chochote. Aliangalia, akafunika, akaandika barua ya hospitali kubwa, na mwandiko wake ulikuwa wa haraka.

Ijumaa, Aprili 25

Hospitali wamekata kinyama kidogo kupeleka maabara. Baba Kitumbo alipiga simu kutoka barabarani kuuliza kulikoni. Kabla sijatafuta maneno mama alininyang'anya simu akamwambia mwenyewe, lote, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Kisha nikasikia mwanamume mzima analia ndani ya lori, na mama akimwambia aangalie barabara.

Hakumuuliza ameutoa wapi. Aliuliza tu arudi lini.

Jumatano, Aprili 30

Arobaini. Majibu bado.

Jumamosi, Mei 3

Majibu bado. Mvua haina haya.

Jumanne, Mei 6

Ni saratani. Daktari alisema hivyo bila kuzungushazungusha, na nilimpenda kwa hilo baadaye. Lakini ni ndogo, alisema, bado iko pale ilipozaliwa, haijatembea. Wataitoa pamoja na kizazi chote. Mama akasema kizazi kimeshafanya kazi yake, kichukuliwe. Akauliza angekuja mwaka ujao ingekuwaje. Daktari akamwangalia, akasema afadhali umekuja mwaka huu.

Jumanne, Mei 13

Operesheni saa tatu mpaka saa sita na robo. Baba Kitumbo na mimi tulikaa ukumbini, Kitumbo akipanda na kushuka juu yetu kama ngazi. Mama amezinduka. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba nimekonda.

Jumatano, Mei 14

Sikwenda kituoni. Sindano alikwenda badala yangu kugawa sketi. Ametuma sauti kwenye kundi, yeye aliyesema kundi ni la nguo: "Leo arobaini na nane. Na wewe uliyejitoa mwezi wa tatu, nimekurudisha, usijitoe tena."

Jumatano, Mei 28

Wakubwa wa nesi walikuja kuangalia. Walikuta foleni imetoka mlangoni, imezunguka kona. Mmoja wao, mama wa makamo, aliacha kalamu na faili kwa mwenzake, akaenda kukaa mwisho wa foleni.

Vifaa havihamishwi popote. Nesi alinipigia kunieleza, akashindwa kumaliza sentensi.

Jumanne, Juni 3

Majibu ya mwisho. Kila walichokitoa wamekipima, na kingo zote ni safi. Hakuna mionzi, hakuna dawa zaidi. Arudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Daktari alimpa mkono. Mama aliushika kwa mikono miwili, kisha akamuuliza kama mke wake ameshapimwa.

Jumamosi, Juni 7

Jua. Magodoro yote ya mtaa yako nje.

Mama ameniita chumbani akasema nimshikie simu, anataka kusema na kundi. Nikamwambia hana haja, hakuna anayejua. Akasema ndiyo maana. Alirekodi mara ya kwanza, akaniamuru niifute kwa kuwa alisahau kusalimia. Ya pili ndiyo hii, nimeisikiliza na kuinakili neno kwa neno:

"Hamjambo. Mimi ni mama mkwe wa huyu fundi anayewasumbua. Yule aliyeuliza kuhusu damu ni mimi. Nilificha miezi mitano, nikamficha hata huyu ninayekaa naye, nikamsema vibaya kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Nilikuwa na saratani. Imetolewa. Sikuiba mume wa mtu wala sikufanya ninalolionea haya, niliugua tu, kama mtu anavyougua. Jumatano nitakuwa benchi la mbele. Asiyekuwa na wa kumsindikiza aje akae karibu na mimi. Nina mkono wa kushikwa."

Akaniambia nitume. Nilituma. Dakika mbili nzima simu haikulia, mama akakunja uso na kuuliza kama imeharibika. Kisha ikaanza, na ilipoanza haikunyamaza mpaka chaji ikaisha. Jirani wa mlango wa bluu hakuandika. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni anasokota ncha ya kitambaa chake, akamuuliza mama Jumatano wanatoka saa ngapi.

Jumatano, Juni 11

Sabini na mmoja.

Tulifika saa mbili kasoro, mama kwa mwendo wa pole, na benchi lilikuwa limeshajaa. Walisimama wote kumpisha. Alikaa mbele, akamwita wa kwanza akae kushoto kwake, msichana wa shule ya ualimu. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu mkono wa mama umepita chini ya pazia na umekaa huko, na msichana alipotoka alikuwa anajifuta macho na kucheka. Mama akahamisha mkono kwa wa pili.

Sketi zilikwisha, Sindano akashona nyingine mbili pale pale kwa mashine ya mkono juu ya meza ya chanjo. Waliokutwa na weupe walikuwa watano. Nesi aliwatibu wanne hapo hapo, wa tano amepewa barua, na mama amemwambia Ijumaa watakwenda wote wawili, njia anaijua.

Saa nane nilimwomba akapumzike nyumbani, kidonda bado kibichi. Saa tisa nikamwomba tena, kwa ukali. Akaniambia nikanyonyeshe mtoto wangu niache watu wafanye kazi. Wa sabini na mmoja alitoka nyuma ya pazia saa kumi na moja jioni, na hapo tu ndipo mama aliponipa mkono wake nimwinue.